Bibi Harusi Ndani ya Koti

Uchovu wa mtu anayefanya kazi usiku hauishi kwa kulala. Muulize yeyote aliyewahi kukanda unga wakati wenzake wanakoroma, atakwambia: unalala, unaamka, na uchovu uko pale pale umekungoja, kama mgeni asiyejua kuaga. Binti wa Mzee Miwani alikuwa mwokaji wa mikate, na asubuhi hiyo alirudi nyumbani na unga hadi masikioni, miguu imemvimba. Akavua viatu mlangoni, akasikia harufu ya chuma kilichoungua, akajua kabla hajafika jikoni. Sufuria ya chai ilikuwa imekauka maji, nyeusi tititi, na jiko bado linawaka.

Alizima jiko, akafungua dirisha. Hakugomba. Zamani angegomba, lakini kugomba nako kunataka nguvu.

"Baba, chai uliyokuwa unapika ilikuwa ya nani?"

"Yako, mama," baba yake alijibu kutoka sebuleni. "Nilitaka uikute ya moto."

"Nimeukuta moto wenyewe. Chai haipo."

Mzee akacheka. Ndiyo shida ya kuishi na mzee mcheshi, hata hasira hupati nafasi ya kuimaliza.

Mtaani walimwita Mzee Miwani kwa sababu alivaa miwani mbili kwa pamoja, moja machoni na nyingine kwenye paji la uso, na mara nyingi ungemkuta anatafuta ya tatu. Maisha yake yote ya kazi yaliishia kwenye chumba cha wadudu cha makumbusho, akichoma vipepeo na mende kwa pini na kuwaandikia majina kwa herufi zisizosomeka bila lenzi. Alipostaafu na mkewe kufariki, alihamia kwa binti yake, kwenye nyumba ya mwisho mtaani. Nyuma ya nyumba hiyo palikuwa na uwanda mtupu: mchanga, vichaka vifupi vya matawi magumu na maua madogo ya zambarau, upepo mwingi, na mti hata mmoja hakuna. Watu wa mtaani hawakuona faida ya uwanda ule isipokuwa kuanika mazulia. Mzee aliupenda kuliko nyumba. Miguu yake ilipokuwa bado na nguvu alikwenda kutembea huko kila mara, akarudi na mifuko ya koti imejaa majani, vijiti, maganda ya konokono na takataka nyingine alizoziita mali yake.

Sasa kulikuwa na mambo mawili. La kwanza, mzee alikuwa anasahau. Anasahau jiko, anasahau funguo, na siku moja alisahau kwamba mkewe amefariki, akamwandalia kikombe. Hilo binti alilizoea, kadiri mtu anavyoweza kuzoea jiwe ndani ya kiatu. La pili ndilo lililowaleta watu wengine ndani ya nyumba. Tangu baridi ilipoanza kuisha, mzee alikuwa akisema kwamba nondo wanaingia sebuleni mchana. "Leo wamekuja tena," husema, amekaa kwenye kiti chake, uso umechangamka. "Wazuri kweli. Kila mmoja ana macho manne mgongoni." Binti, ambaye mchana hulala kama popo ili usiku aende kazini, hakuwahi kumwona hata mmoja. Kaka yake, mwalimu wa udereva aliyekuwa akipita jioni baada ya kumaliza na wanafunzi wake, naye hakuona kitu.

Wakampeleka kwa daktari. Daktari akamvuta binti kando, ukumbini, mlango ukiwa nusu wazi, akamuuliza: hao nondo wewe umewaona?

"Sijawaona, daktari," binti alisema. "Na nondo gani anaruka mchana? Nondo si ni wa usiku?"

Daktari akatikisa kichwa polepole, kama wanavyotikisa wao, akasema mtu akianza kuona visivyokuwepo, na jiko nalo anasahau, si vizuri abaki peke yake. Maneno hayo yakafika kwa kaka, kaka akayafikisha kwa watu wa ustawi wa jamii, na alasiri ya leo afisa wao, ambaye kila mtu alimwita mama wa ustawi, alikuwa anakuja kumuuliza mzee maswali. Akiridhika kwamba mzee kweli anaona vitu, kitanda kipo kwenye nyumba ya wazee upande wa pili wa mji.

"Unakumbuka leo kuna mgeni?" binti aliuliza, akikwangua sufuria.

"Nakumbuka. Yule wa kuja kupima akili yangu. Nimeshaifua na kuipiga pasi."

"Baba, tafadhali. Usimfanyie mzaha."

"Sitamfanyia." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nenda ukalale, mama. Unasinzia umesimama."

Kabla ya kulala alitafuta kofia yake ya wavu, ile ya kuzuia nywele zisiingie kwenye unga, aifue. Hakuiona. Nyingine ilikuwa imepotea siku chache nyuma, na kabla ya hapo lilipotea kopo tupu la maziwa alilokuwa akiwekea vijiko. Akasema moyoni kwamba hayo nayo atamweleza mama wa ustawi, akajitupa kitandani na nguo zake.

Usingizi ukamkwepa. Alibaki anautazama ufa wa dari. Hakuwa anaogopa kwamba baba yake atachukuliwa. Tabu ilikuwa kwamba alitaka achukuliwe. Alitaka kurudi asubuhi akute nyumba iko kimya na jiko limepoa, alale mpaka aamke mwenyewe, bila kutega sikio moja usingizini. Alimpenda baba yake, hilo halina mjadala. Bado alitaka aondoke. Kwa kaka yake hakuwahi kusema amechoka. Kaka akiuliza, "Mambo vipi huko?" yeye hujibu, "Tunaendelea," na kaka naye huendelea na shughuli zake.

Aliposinzia, alisinzia vibaya, akaamka jua likiwa limevuka kichwa. Kwa kawaida saa kama hizo huwa bado amelala fofofo, ila leo kulikuwa na mgeni. Akajikokota hadi jikoni kunywa maji. Dirisha lilikuwa bado wazi tangu ule moshi wa asubuhi, na jua lilikuwa limejaa mezani.

Alikuwa ndiyo kwanza amejaza glasi pale kitu kilipoingia kwa kasi, kikagonga kabati, kikagonga balbu, kikatua juu ya kitambaa cha meza. Alidhani ni kipepeo. Mabawa ya nyuma yalikuwa ya rangi ya machungwa, yale ya mbele ya kahawia na kijivu, na katikati ya kila bawa palikuwa na doa jeusi lililozungukwa na duara, jicho kabisa. Macho manne.

Akamwaga maji kwenye sinki, akamfunika mdudu kwa glasi. Mkono wake ulijua la kufanya kabla yeye mwenyewe hajajua. Akainama mpaka pua ikakaribia kioo.

"Usitazame rangi, mama," baba yake alikuwa akimwambia zamani, alipokuwa mtoto wa kushikwa mkono, kwenye uwanda huu huu, mzee amepiga magoti mchangani. "Rangi ni nguo tu. Tazama papasi." Papasi ni zile nywele mbili za kichwani. Za kipepeo ni nyembamba na mwishoni zina kirungu kidogo, mfano wa njiti ya kiberiti. Za nondo hazina kirungu. Na za nondo dume wa aina fulani zimechanua pande zote mbili, utasema ni manyoya mawili ya ndege.

Huyu wa kwenye glasi alikuwa na manyoya mawili kichwani.

"Nondo," alisema kwa sauti, peke yake, mbele ya sufuria nyeusi. Mchana kweupe.

Akakaa. Hapo hapo mwingine akapita dirishani, hakutua mezani wala popote, akakata kona na kwenda moja kwa moja sebuleni. Nyuma yake akaja mwingine. Binti akanyanyuka akawafuata.

Mzee alikuwa amelala kitini, miwani zote mbili zimeshuka, mdomo wazi. Nyuma ya mlango lilitundikwa koti lake la baridi, na kwenye koti kulikuwa na vurugu. Nondo kadhaa walikuwa wakilizunguka, wanapigapiga mabawa kwenye kitambaa, wanapanda, wanateleza, wanaingia kwenye kola na kutokea mkononi, kama watu waliosikia kuna kitu kinagawiwa bure. Hawakuwa na habari na taa, wala na maua ya mezani, wala na mzee mwenyewe. Walilitaka koti.

Binti akatia mkono kwenye mfuko mkubwa wa ndani. Akatoa lile kopo lake la maziwa, limekatwa juu na chini, na kila upande limefunikwa kwa kofia ya wavu iliyokazwa kwa uzi. Ndani, juu ya kijiti, alikaa nondo mwingine, mkubwa zaidi, mnene, wa kijivu. Papasi zake zilikuwa nyembamba, hazijachanua. Alikuwa ametulia tuli, hana haraka na mtu. Pembeni yake palikuwa na kifuko cha kahawia, kigumu kama karatasi iliyokauka, kile ambacho kiwavi hujifungia akitaka kubadilika.

"Bibi harusi," binti alinong'ona.

Ndivyo walivyomwita wale wa makumbusho. Ukitaka kujua kama nondo hawa bado wapo mahali fulani, hukimbizani nao. Dume anaruka juani kama aliyetumwa, utavunjika mguu bure. Unachukua jike aliyetoka tu kwenye kifuko, ambaye hajakutana na dume yeyote, unamtia kwenye kizimba cha wavu, unamweka juu ya kichaka, unakaa. "Tumeweka bibi harusi," walikuwa wakisema, na kuchekana. Jike anatoa harufu ambayo pua ya binadamu haiipati hata kidogo, ila zile papasi zilizochanua zinaipata, na madume wanakuja kutoka ng'ambo ya uwanda, wakiufuata upepo unakotoka. Binti aliwahi kukishika kizimba hicho kwa mikono yake. Madume walimtua kwenye nywele, akapiga kelele kwa furaha mpaka sauti ikamkauka. Na huyo huyo ndiye aliyekwenda kumwambia daktari kwamba nondo ni wa usiku.

"Basi umewaona," mzee alisema.

Alikuwa ameamka. Macho makavu, hana mshangao wowote.

"Baba. Wapo."

"Wapo, ndiyo. Si nimekuwa nikisema?"

"Huyu jike umempata wapi?"

"Hapo sasa sina hakika. Nafikiri niliokota vifuko uwandani kabla ya baridi, nikavitia mfukoni, nikavisahau. Kusahau nasahau, mama, sitakudanganya. Siku moja nikaona dume kwenye koti. Nikajiambia, huyu haji kwa mapenzi ya koti. Nikapekua, nikamkuta bibi ametoka, ananing'inia kwenye bitana, mabawa bado mabichi. Wakafuata wengine, kwenye vifuko vilivyobaki. Huyu ndiye wa mwisho." Akakohoa kidogo. "Kofia zako nilitaka kukwambia."

"Kwa nini hukunionyesha? Kule kwa daktari si ungesema ukweli, tukaja tukaona?"

Mzee alivua miwani moja, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa ile nyingine. "Siku ya kwanza nilikuja kukuamsha. Ulikuwa umelala na unga vidoleni. Nikakuonea huruma, nikarudi. Halafu kule kwa daktari nikakusikia ukumbini. Kuniona hamnazo hakukuniuma sana, kuna siku hata mimi najishuku. Lakini nondo ni wa usiku! Binti yangu mimi! Nilitaka kuinuka nikukosoe mbele ya watu."

"Na kwa nini hukuinuka?"

"Kwa sababu ya bomba."

"Bomba gani?"

"La jikoni. Ukirudi kazini unafungua bomba, maji yanakwenda weee, na hakuna chombo unachoosha. Mwanzoni nilidhani na wewe umeanza kusahau. Siku moja nikasogea mlangoni nikasikia." Mzee hakumtazama. "Mtu akilia hivyo asubuhi kwa asubuhi kwa sababu yangu, mimi nang'ang'ania nini? Nikasema, wakitaka niwe kichaa, na ukichaa huo umpe mwanangu usingizi, basi nitakuwa. Nondo wenyewe wananisaidia bila kuwaomba."

Binti alikaa chini, pale pale sakafuni, kopo mapajani. Kilichomuuma zaidi ni kwamba sehemu moja ya moyo wake, ile iliyochoka kuliko nyingine, ilisikia maneno yale na kupumua.

"Kwa hiyo leo huyu mama akija..."

"Nitampa nondo mpaka achoke. Wewe rudisha kopo mfukoni, koti lifungie chumbani kwako, hao wengine watoe nje, na dirisha ulifunge. Kule watanilisha, na wewe utalala." Akaashiria kopo kwa kidevu. "Unamwona huyo? Hana mdomo. Amezaliwa hana. Anaishi kwa alichokula alipokuwa kiwavi, siku chache, basi, na hanung'uniki."

"Baba, acha maneno hayo."

"Nimeacha. Lakini mtazame vizuri, kwa sababu mengine niliyokufundisha umeyatupa. Haruki huku na huku. Amekaa, anaita, na wenye masikio yao wanakuja. Wewe umerithi ukaidi wangu wote, ila kuita hujui. Kaka yako yuko hapo karibu tu, na kila akiuliza unamwambia mnaendelea."

"Mimi si nondo, baba."

"Najua. Nondo ana akili zaidi."

Binti akacheka, na kicheko kikamgeukia kuwa kilio, na safari hii hakukuwa na bomba la kufungua. Mzee hakumbembeleza. Alimwekea tu mkono kichwani, kwenye unga, mpaka waliposikia gari linasimama nje.

Na hili lazima lisemwe, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: binti alitii. Alirudisha kopo mfukoni, akalipeleka koti chumbani kwake, akafunga mlango. Akawafukuza nondo kwa gazeti, akainua glasi jikoni na kumtupia nje yule wa kwanza, akafunga madirisha yote. Kisha akanawa uso na kwenda kufungua.

Kaka aliingia kwanza, funguo za gari mkononi, anatazama saa. Nyuma yake mama wa ustawi, mtu mzima, begi limemvuta bega upande mmoja, viatu vimelegezwa kamba. Naye alionekana hajalala vizuri siku nyingi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, ila angalia usiwakalie."

"Kina nani?"

"Nondo."

Kaka akatazama dari. Mama wa ustawi akakaa polepole, akauliza habari za afya, akauliza leo ni siku gani. Mzee akaitaja siku nyingine, na binti akajua ameikosea makusudi, kwa sababu asubuhi hiyo hiyo aliikumbuka siku ya mgeni. Akaulizwa mkewe yuko wapi. Akasema yuko sokoni, ila hilo alilisema kwa shida.

"Hao nondo, baba, wako wapi sasa hivi?"

"Pale," mzee alisema, akanyoosha kidole kwenye kona, juu ya kabati.

Hapakuwa na kitu pale. Palikuwa na ukuta na utando wa buibui. Binti alikitazama kile kidole. Mzee huyu maisha yake yote alikuwa akisema hiki ni hiki na kile ni kile. Alishawahi kugombana na mkubwa wake wa kazi kwa sababu ya mende aliyeandikiwa jina lisilo lake. Leo ananyoosha kidole kwenye hewa tupu na kuiita nondo, ili yeye apate kulala. Angeweza kuvumilia mengi siku hiyo, hata kujiona mbaya, lakini kidole kile hakukiweza.

Akainuka. Mzee akamtazama kwa jicho kali. "Mama, kaa," alisema.

Hakukaa. Alileta koti, akalitundika nyuma ya mlango, akatoa kopo na kuliweka mezani mbele ya mgeni, akafungua dirisha wazi kabisa.

"Nondo wapo," alisema. "Huyu ni jike, anaita. Madume watakuja. Wanaruka mchana, ndivyo walivyo. Nilikuwa nalijua hilo tangu utotoni, nikalisahau."

Wakangoja. Hakuna kilichokuja. Wingu lilikuwa limefunika jua, uwanda umekuwa wa kijivu, na nondo hawa bila jua hawatoki. Kaka akamtazama dada yake, kisha baba yake, kisha dada yake tena, na uso wake ukasema wazi kabisa: hata wewe?

"Umeniharibia," mzee alinong'ona.

"Mdogo wangu," kaka akaanza kwa upole, ule upole wa kumwongelesha mgonjwa, "labda ungepumzika kidogo..."

Jua likarudi. Lilianzia mbali uwandani, likapanda vichaka, likafika dirishani, na pamoja nalo akaingia dume mmoja kama jiwe lililorushwa. Akampita kaka karibu na sikio, kaka akaruka na kuangusha funguo. Nondo akalizunguka koti, akaliacha, akaja mezani, akatua juu ya kofia ya wavu, mabawa yakitetemeka. Nyuma yake akaja mwingine. Wa tatu akatua kwenye begi la mama wa ustawi, akatembea juu yake kidogo, akaondoka.

Mama wa ustawi akamfuata kwa macho. "Mimi nilikuja kwa mgonjwa," alisema. "Sasa nielewesheni. Mgonjwa ni nani?"

"Kusahau anasahau," binti alisema. "Leo ameunguza sufuria. Hilo ni kweli, na siku hakosei namna ile, ila mambo mengine anakosea. Lakini kuona anaona vizuri kuliko sisi. Amejifanya kichaa kwa ajili yangu." Akamgeukia kaka yake. "Kaka, nimechoka. Nimechoka mpaka nilitaka baba awe na kichaa kweli."

Kaka aliinama kuokota funguo, akakaa nazo huko chini muda mrefu kuliko funguo zinavyohitaji.

"Si ulikuwa unasema mnaendelea?"

"Nilikuwa naongopa."

Mzee alikuwa ameshika miwani zote mbili mkononi na anapepesa macho.

Kaka akaiona simu ya dada yake juu ya kabati, akaichukua, akamtafuta msimamizi wa kiwanda cha mikate na kumpigia. "Leo haji," alisema. "Hapana, si msiba. Amelala." Na dada yake alikuwa amesimama mbele yake, anamtazama.

Mama wa ustawi aliondoka akisema atarudi kuongea nao wote watatu, kwamba mzee atahitaji mtu wa kukaa naye na jiko litahitaji kufuli, na kwamba nyumba ya wazee ipo, haihami. Hakumdanganya mtu. Mlangoni alisimama kufunga kamba za viatu, akauliza, "Na huyo bibi harusi mtamfanyaje?" Mzee akamjibu kwamba bibi harusi haozeshwi kwenye kopo la maziwa.

Binti alikwenda kulala jua likiwa bado halijazama. Alisikia kaka yake akivuta makochi, akiuliza shuka ziko wapi, mzee akimjibu kwamba ziko mahali fulani. Hakusikia zaidi.

Alipoamka hakujua ni siku gani. Jua lilikuwa kali dirishani, na nyumba iko kimya, kimya kile kile alichokuwa akikitamani. Alitoka chumbani bila kandambili, akaita baba, hakujibiwa. Kiti kitupu. Nyuma ya mlango koti halipo. Akakimbilia jikoni, mkono ukaenda moja kwa moja kwenye jiko. Lilikuwa baridi. Juu ya meza kulikuwa na birika la chai lililofunikwa kwa taulo, na kando yake kofia zake mbili za wavu, zimefuliwa na kukunjwa.

Kutoka dirishani aliwaona uwandani, kati ya vichaka. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha jikoni, kopo magotini, amelishika kama bakuli tupu. Kaka yake alikuwa amevaa lile koti la baridi juani, sijui kwa amri ya nani, na kwa harufu ya bibi harusi iliyobaki kwenye koti nondo walikuwa wamemjaa. Anarusha mikono, anajizungusha, anaruka kichaka na kurudi, na mzee anamwelekeza kwa kidole kitu fulani, kwa subira, kisha kingine. Ukiwa mbali hivyo husikii neno, ila binti alijua kinachosemwa pale. Asitazame rangi. Atazame papasi.

Akajimiminia chai. Ilikuwa bado ya moto. Akainywa yote akiwa amesimama, akashusha pazia la jikoni, akarudi kulala.